Sauti ya Mfasiri na Kudumu kwa Katuni ya Kigeni: Alan Ford katika Nchi Zilizokuwa Yugoslavia

Ikisiri

Alan Ford ni katuni ya kuchekesha iliyoanza kuchapishwa nchini Italia mwaka 1969. Jitihada za kuieneza katika nchi nyingine hazikufika mbali, isipokuwa Yugoslavia, ambako ilipokelewa kwa mapenzi ambayo hata kuvunjika kwa dola hiyo hakukuyafuta. Makala hii inachunguza sababu za kudumu kwa umaarufu huo. Hoja yake ni kwamba maudhui ya katuni na hali ya maisha ya wasomaji ndivyo vilivyoifungulia mlango, lakini kilichoifanya ikae ni tafsiri ya Nenad Brixy, iliyowapa wahusika mafukara lugha ya juu isiyolingana na hali yao. Tafsiri hiyo ilikuwa na ladha ya wazi ya Zagreb, na bado ilipendwa Belgrade na Sarajevo. Kwa Kiswahili, lugha inayotumiwa na mataifa kadhaa yenye mazoea tofauti ya msamiati, mfano huu unatia shaka katika imani kwamba kitabu cha kanda nzima ni lazima kiandikwe kwa lugha isiyo na kwao, au kitolewe kwa matoleo tofauti kwa kila nchi.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa tanzu zote za maandishi, ucheshi ndio unaosafiri kwa shida zaidi. Msiba wa mgeni humliza mwenyeji bila maelezo mengi, lakini mzaha wa mgeni mara nyingi huhitaji kufafanuliwa, na mzaha uliofafanuliwa huwa umekwisha kufa. Kwa hiyo katuni ya kuchekesha inapovuka mpaka na kupendwa kwa zaidi ya nusu karne katika lugha isiyo yake, tukio hilo linastahili maelezo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alan Ford ni mgeni aliyepewa jembe, akalima, na hatimaye akahesabiwa miongoni mwa wenye shamba.

Neno "kudumu" linatumika hapa kwa maana mahususi. Chapisho linaweza kupendwa kwa msimu mmoja kwa sababu ya bei, mtindo wa wakati au ukosefu wa ushindani. Linahesabiwa kuwa limedumu iwapo linaendelea kuchapishwa upya baada ya mazingira yaliyolizaa kutoweka, iwapo misemo yake inatumiwa hata na watu wasioshika kitabu chenyewe, na iwapo wazazi wanawarithisha watoto wao. Katika nchi zilizokuwa Yugoslavia, Alan Ford imetimiza masharti yote matatu.

Makala inaanza kwa kueleza chimbuko la katuni hiyo, kisha inaonesha jinsi ilivyoingia Yugoslavia. Baada ya hapo inachambua sababu za kupendwa kwake, inazipima dhidi ya maelezo mengine yanayowezekana, na mwishoni inatafakari maana ya mfano huo kwa sera ya tafsiri na uchapishaji wa Kiswahili.

2.0 Chimbuko la katuni

Alan Ford ilibuniwa na Waitalia wawili: Luciano Secchi, aliyeandika hadithi kwa jina la Max Bunker, na Roberto Raviola, aliyechora kwa jina la Magnus. Kabla ya hapo wawili hao walikuwa wamekwisha kujijengea jina kwa katuni za uhalifu na vitisho, Kriminal na Satanik, zote za mwaka 1964. Toleo la kwanza la Alan Ford lilitoka Mei 1969 chini ya kampuni ya uchapishaji ya Editoriale Corno ya Milan. Lilikuwa kijitabu cha mfukoni kilichochapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa kawaida kikiwa na picha mbili tu katika ukurasa, umbo lililofaa kusomwa kwenye basi au treni.

Wakati huo filamu za James Bond zilikuwa zimeenea Ulaya nzima, na jasusi alikuwa mtu wa suti nzuri, magari ya kasi na hoteli za kifahari. Secchi na Raviola waliipindua picha hiyo. Majasusi wao, wanaojiita Kundi la TNT, wanaishi New York katika duka bovu la maua linalotumika kama maficho. Wana njaa, nguo zao zimechakaa, na malipo yao ni senti chache. Alan Ford mwenyewe ni kijana mzuri wa sura, mchoraji wa matangazo asiye na kazi, aliyeingia katika kundi hilo kwa sababu alidhaniwa kuwa mtu mwingine. Mwenzake wa karibu, Bob Rock, ni mfupi mwenye pua kubwa na hasira za haraka, naye Raviola alimchora kwa kujikejeli mwenyewe. Oliver ni muungwana wa Kiingereza asiyeweza kuuzuia mkono wake usiibe. Grunf ni mvumbuzi wa Kijerumani ambaye vyombo vyake havifanyi kazi. Geremia anaugua kila ugonjwa uliowahi kutajwa. Cariatide ni mkuu wa ofisi ambaye kazi yake kubwa ni kulala.

Juu yao wote yupo Numero Uno, yaani Nambari Moja, mzee wa umri usiokadirika anayeketi katika kiti cha magurudumu. Yeye hupokea fedha nyingi kwa kazi zinazofanywa na wenzake, kisha huwagawia makombo. Ana kitabu cheusi chenye siri za kila mtu mwenye cheo, na husimulia matukio ya kale ya historia kana kwamba alikuwapo. Adui wao mashuhuri, Superciuk, ni Robin Hood aliyegeuzwa kichwa chini miguu juu: huwaibia maskini na kuwapa matajiri. Mchana ni mfagiaji wa barabara, na anawachukia maskini kwa sababu wao ndio wanaozichafua barabara anazozifagia. Silaha yake ni pumzi yenye harufu ya mvinyo wa bei rahisi.

Raviola alichora matoleo 75 ya kwanza, na kipindi hicho ndicho wasomaji wengi wanachokihesabu kuwa bora. Baada yake kazi ilichukuliwa na Paolo Piffarerio, na baadaye wachoraji wengine. Nchini Italia katuni imeendelea kutoka hadi ikavuka toleo la 600. Kwa hiyo kudumu kwake nyumbani si jambo la kubishaniwa. Swali lililopo linahusu ughaibuni. Katuni hiyo ilijaribiwa Ufaransa, Denmark na Brazili bila kushika mizizi. Kwa nini basi ilishika Yugoslavia?

3.0 Kuingia Yugoslavia

Baada ya kutofautiana na Urusi ya Stalin mwaka 1948, Yugoslavia ya Josip Broz Tito ilikuwa nchi ya kijamaa iliyofungua milango yake kwa utamaduni wa Magharibi kuliko majirani zake wa Mashariki. Katuni za kigeni ziliuzwa hadharani katika vibanda vya magazeti. Nyingi zilitoka Italia, ng'ambo ya Bahari ya Adriatiki, na zilisimulia habari za wapiganaji wa misituni na wachunga ng'ombe wa Marekani. Kwa hiyo Alan Ford haikuingia katika uwanja mtupu, bali iliwakuta wasomaji waliozoea kitabu cha picha na mtandao wa usambazaji uliofika kila jamhuri ya shirikisho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Vjesnik ya Zagreb, iliyochapisha pia gazeti la jina hilo, ilianza kuitoa kwa lugha iliyoitwa wakati huo Kiserbo-Kroati. Kazi ya kutafsiri ilikuwa mikononi mwa Nenad Brixy, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 1984. Brixy hakuwa mfasiri wa kukodiwa tu. Alikuwa mwandishi wa habari, mhariri na mtunzi wa riwaya za upelelezi za kuchekesha. Riwaya yake ya mwaka 1960, Mrtvacima ulaz zabranjen, ilikuwa tayari inaufanyia mzaha upelelezi wa Kimarekani miaka tisa kabla ya Alan Ford kuzaliwa. Alipokutana na katuni ya Secchi na Raviola, alikutana na kazi iliyofanana na yake kwa tabia.

Hali ya lugha wakati huo haikuwa shwari. Mapatano ya Novi Sad ya mwaka 1954 yalitamka kwamba lugha ya Waserbia, Wakroati na Wamontenegro ni moja yenye matamshi mawili makuu. Machi 1967 wasomi na taasisi za Kroatia zilitoa tamko la kudai jina na hadhi ya lugha ya fasihi ya Kikroati. Tofauti zenyewe kwa msomaji wa kawaida si kubwa: maziwa ni mlijeko Zagreb na mleko Belgrade, mkate ni kruh upande mmoja na hleb upande mwingine. Lakini kila neno la namna hiyo lilikuwa limeanza kubeba mzigo wa siasa. Katikati ya mvutano huo ndipo kijitabu cha kuchekesha kutoka Zagreb kilipoanza kuuzwa katika vibanda vya nchi nzima.

4.0 Sababu za kudumu

4.1 Maudhui yaliyowakuta wasomaji njiani

Sababu ya kwanza inayotajwa ni ulinganifu wa maudhui na maisha. Mwandishi wa Kiserbia Lazar Džamić alilitolea jambo hili kitabu kizima mwaka 2012, Cvjećarnica u Kući cveća. Jina la kitabu linaunganisha duka la maua la Kundi la TNT na Nyumba ya Maua, mahali alipozikwa Tito mjini Belgrade. Kwa mtazamo wake, wasomaji wa Yugoslavia waliiona katuni hiyo kuwa kioo cha maisha yao. Kundi lililokusudiwa kuikejeli Marekani lilionekana kuwa ofisi wanayoijua: mkuu anayelala, kiongozi mkongwe asiyeondoka wala kuhojiwa, mipango mikubwa inayotekelezwa kwa vifaa vibovu, na wafanyakazi wanaobaki pamoja kwa sababu hawana pengine pa kwenda.

Kejeli iliyovaa nguo za New York ilikuwa pia na faida ya usalama. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mzee wa kiti cha magurudumu alichorwa kumlenga kiongozi yeyote wa Belgrade, kwa kuwa alichorwa na Mwitalia na anaishi Marekani. Msomaji aliachiwa uhuru wa kujifananishia mwenyewe. Miaka ya 1980 ilipoleta deni la nje, mfumuko wa bei na uhaba wa kahawa na mafuta, umaskini wa duka la maua ulizidi kueleweka bila katuni kuongezwa hata neno moja.

Maelezo haya yana nguvu, lakini peke yake hayatoshi. Mkuu anayelala na mfanyakazi asiyelipwa hawakuwa mali ya Yugoslavia tu. Brazili ya miaka ile iliwajua maskini na wenye mamlaka wasiohojiwa. Iwapo maudhui yangetosha kuisimika katuni, yangeisimika huko pia.

4.2 Lugha ya juu katika vinywa vya mafukara

Nadharia ya ukinzani, inayohusishwa na wanafalsafa Immanuel Kant na Arthur Schopenhauer, inaeleza kwamba kicheko huzuka pale kinachotarajiwa na kinachotokea vinapokosa kupatana. Katika Alan Ford ukinzani wa kwanza umo ndani ya picha: jasusi aliyepaswa kuwa maridadi ana suruali yenye viraka. Brixy aliongeza ukinzani wa pili ndani ya maneno. Aliwapa watu hao Kikroati cha fasihi, chenye miundo ya kizamani, mapambo mengi na adabu ya watu wa tabaka la juu. Watu wasio na chakula wakawa wanatukanana kwa sentensi ambazo zingefaa kusomwa barazani.

Athari ya mbinu hii inaweza kuoneshwa kwa Kiswahili. Mfano ufuatao haukutoka katika katuni. Umetungwa kwa ajili ya ufafanuzi tu. Tuseme mhusika mwenye njaa anaiarifu familia yake kwamba hakuna chakula. Mfasiri wa kwanza ataandika: "Leo hakuna msosi." Mfasiri wa pili ataandika: "Kwa masikitiko makubwa ninalazimika kuwafahamisha waheshimiwa kwamba hafla ya chakula cha jioni imeahirishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo." Habari ni ileile. Sentensi ya kwanza inalingana na mtu anayeisema, ndiyo maana haichekeshi sana. Ya pili inamfanya fukara azungumze kama katibu wa wizara, na hapo msomaji anamcheka fukara na katibu kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo kejeli ya kijamii inapopata makali. Katika nchi iliyojaa hotuba, maazimio na taarifa rasmi, lugha ya juu ilikuwa lugha ya mamlaka. Kuisikia ikitoka katika vinywa vya watu wenye viatu vilivyotoboka kulimpa msomaji nafasi ya kuiona lugha hiyo ilivyo pale inapotenganishwa na madaraka. Mfasiri hakubadilisha hadithi, lakini alibadilisha kinachochekwa. Katika picha kunachekwa jasusi wa sinema; katika maneno ya Brixy kunachekwa pia namna ya kusema ya wakubwa.

Mbinu hiyo inaeleza pia kwa nini katuni haikuchakaa. Lugha ya mtaani huzeeka upesi, na maneno ya vijana wa mwaka 1972 yangekuwa yamepitwa na wakati kufikia mwaka 1985. Lugha ya Brixy ilikuwa ya kizamani tangu siku ya kwanza, kwa hiyo haikuwa na upya wa kupoteza.

4.3 Majina na misemo

Uamuzi mdogo mdogo wa mfasiri unaonekana vizuri zaidi katika majina. Jina Superciuk limejengwa juu ya neno la lahaja ya kaskazini mwa Italia lenye maana ya mlevi. Neno hilo lisingemwambia chochote msomaji wa Sarajevo. Brixy hakutafuta neno la Kikroati la "mlevi", bali aliandika Superhik, ambamo "hik" ni sauti ya kwikwi inayomtoka mtu aliyelewa. Maana ikahama kutoka katika neno hadi katika sauti, na jina likaweza kusikika bila kufafanuliwa. Oliver, ambaye kwa Kiitaliano ni Conte, cheo cha ukabaila wa bara la Ulaya, akawa Sir Oliver, na kwa neno hilo moja Uingereza yake na ulaghai wake vikasimama bega kwa bega. Cariatide, jina linalotokana na nguzo za mawe zenye umbo la mwanamke katika majengo ya Kigiriki, likawa Šef, yaani Mkuu tu, jina ambalo kila mfanyakazi alikuwa na mtu wa kumbandika.

Misemo nayo ilitoka ndani ya vijitabu na kuanza maisha yake. Maandishi yaliyo kwenye fulana za Grunf, ambayo hutamka kwa uzito wa hekima jambo ambalo kila mtu analijua tayari, yamekuwa methali za kejeli katika mazungumzo ya kila siku. Salamu ya simu ambayo Sir Oliver humtolea mnunuzi wa mali ya wizi, akianza kwa kumjulia hali ndugu yake kabla ya kutaja bei, inajulikana hata kwa wasiowahi kusoma toleo lolote. Msemo unapofika hatua hiyo hautegemei tena mchapishaji. Unajirithisha wenyewe, na kila anayeurithi huja siku moja kuutafuta kitabuni.

4.4 Soko moja lenye sauti moja

Sababu ya nne ni ya kiuchumi. Lugha moja ilifanya kampuni moja iweze kulisha nchi nzima kwa tafsiri moja. Hata Slovenia na Makedonia, ambako lugha mama ni nyingine, watu wengi waliweza kuisoma kwa sababu Kiserbo-Kroati kilifundishwa shuleni. Ukubwa wa soko ulimpa mfasiri mmoja muda wa kukaa na kazi moja kwa miaka zaidi ya kumi. Sauti ya wahusika haikubadilika kila mwaka kwa kubadilika kwa mfasiri. Msomaji aliyeanza na toleo la 5 akiwa mtoto alimkuta Bob Rock yuleyule akiwa kijana.

5.0 Baada ya 1991

Mtihani mkubwa ulikuja pale Yugoslavia ilipoanza kuvunjika mwaka 1991. Vita, mipaka mipya na sera za lugha viliigawa lugha moja kuwa lugha rasmi kadhaa. Ilitarajiwa kwamba kila taifa lingedai maandishi yake. Kiasi cha mabadiliko hayo kinaonekana katika tukio la mwaka 1999, pale filamu ya Kiserbia Rane ilipooneshwa Kroatia ikiwa na maandishi ya tafsiri ya Kikroati chini ya picha. Watazamaji walioelewa kila neno lililosemwa waliyacheka maandishi hayo kuliko mzaha wa filamu yenyewe.

Alan Ford ilifuata njia nyingine. Matoleo ya kipindi cha Magnus yaliendelea kuchapishwa upya katika nchi mpya, na tafsiri iliyotafutwa na wasomaji, pamoja na wale wa Serbia, ilibaki kuwa ile ya Brixy, yenye matamshi na msamiati wa Zagreb. Msomaji wa Belgrade, ambaye shuleni na ofisini anaandika mleko, humtaka Sir Oliver aseme mlijeko, kwa sababu Sir Oliver asemaye vingine si Sir Oliver. Jina la kitabu cha Džamić linabeba ushahidi huohuo: neno la duka la maua limeandikwa kwa matamshi ya Zagreb, na neno la maua limeandikwa kwa matamshi ya Belgrade, yote katika jina moja.

Ukweli huu unapingana na dhana mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kwamba msomaji hukipenda kitabu kilichoandikwa kwa namna yake hasa ya kusema. Ya pili ni kwamba kitabu cha watu wengi sharti kipunguzwe ladha ili kisimkere yeyote. Tafsiri ya Brixy haikuandikwa kwa lugha ya msomaji wa Belgrade, wala haikupunguzwa ladha. Ilikuwa na kwao, na kwao kwake kukawa sehemu ya utamu wake. Miaka 26 baada ya kuvunjika kwa shirikisho, mwaka 2017, wasomi na waandishi wa nchi nne walipotoa Tamko kuhusu Lugha ya Pamoja, walikuwa wakidai kwa hoja jambo ambalo wasomaji wa katuni walikuwa wamelitenda miaka yote bila kulitolea tamko.

6.0 Mipaka ya hoja

Maelezo mengine yanapaswa kupimwa. Inawezekana kudai kwamba umaarufu huu ni hamu ya watu wazima kuukumbuka utoto wao na nchi iliyotoweka. Hamu hiyo ipo, lakini katuni nyingine nyingi zilisomwa na watoto haohao katika miaka hiyohiyo, na si zote zilizoacha misemo hai. Hamu ya zamani hueleza kwa nini mtu hukirudia kitabu. Haielezi kwa nini hukirudia kitabu hiki na si kile.

Inawezekana pia kudai kwamba kushindwa kwa katuni hiyo Ufaransa hakuhusiani na lugha, kwa kuwa nchi hiyo ina katuni zake zenye nguvu. Dai hili ni la haki, na kwa sababu hiyo ulinganisho wa nchi na nchi hauwezi kuwa uthibitisho kamili. Ushahidi wenye uzito zaidi umo ndani ya eneo lenyewe: wasomaji waliopata nchi mpya, lugha rasmi mpya na vitabu vya shule vipya waliendelea kuishikilia tafsiri ya zamani. Kilichobaki katikati ya mabadiliko hayo yote ni michoro ya Magnus na sauti ya Brixy.

7.0 Maana yake kwa Kiswahili

Kiswahili kinatumiwa na mataifa kadhaa, kila moja likiwa na mamlaka zake za elimu na mazoea yake ya istilahi. Kitabu cha shule cha Kenya kina tarakilishi na rununu pale ambapo cha Tanzania kina kompyuta na simu ya mkononi. Hofu ya tofauti hizi huwafanya wachapishaji na washauri kuchagua moja kati ya njia mbili: matoleo tofauti kwa kila nchi, ambayo hulipunguza soko, au lugha iliyochujwa hadi haina ladha ya mahali popote. Mfano wa Alan Ford unaonesha njia ya tatu, yaani kumwamini mfasiri mwenye sauti na kumwachia msomaji kazi ndogo ya kuvuka tofauti za msamiati, kazi ambayo msomaji aliyependezwa huifanya bila kulalamika.

Historia ya Kiswahili ina mifano inayoelekea huko. Abunuwasi wa hekaya zinazosimuliwa Afrika Mashariki chimbuko lake ni Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa karne ya 8 na ya 9, lakini msikilizaji wa Mombasa au Tabora hamhesabu kuwa mgeni. Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, hakukificha Kiswahili chake ili kupata lugha isiyo na mwenyewe. Katika miaka ya karibuni, wasimulizi wa filamu za kigeni kama DJ Afro wa Kenya na Lufufu wa Tanzania wamepata wafuasi wengi kiasi kwamba mtazamaji huuliza kwanza filamu imesimuliwa na nani kabla ya kuuliza imechezwa na nani. Wasimulizi hao wamefanya sinema jambo ambalo Brixy alilifanya katika viputo vya maneno, ingawa kazi yao huhesabiwa kuwa burudani ya vibandani na si tafsiri.

Kutokana na mfano huu, mambo manne yanaweza kupendekezwa. Kwanza, mikataba ya tafsiri za vitabu vya kuburudisha na kufundishia watoto itolewe kwa mfululizo mzima badala ya toleo mojamoja, ili sauti ya wahusika ipate muda wa kukomaa. Pili, jina la mfasiri lichapwe kwenye jalada, kwa kuwa ndilo litakalomrudisha msomaji. Tatu, taasisi za kikanda, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, zitambue tafsiri yenye ladha ya mahali fulani kuwa mali ya kanda nzima, mradi inaeleweka, na zisiwe na haraka ya kudai matoleo ya kitaifa. Nne, mafunzo ya tafsiri yatilie mkazo uchaguzi wa rejista kama wanavyotilia mkazo istilahi. Kiswahili kina hazina ya rejista ambayo ucheshi haujaitumia vya kutosha: barua ya serikali, hukumu ya mahakama, hotuba ya mgeni rasmi, na lugha ya adabu ya watu wa mwambao.

8.0 Hitimisho

Alan Ford ilidumu katika nchi zilizokuwa Yugoslavia kwa sababu hadithi yake iliwakuta wasomaji katika hali wanayoitambua, na kwa sababu mfasiri aliwapa wahusika lugha ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Sababu ya kwanza ilitegemea wakati na mahali, na wakati huo umepita. Sababu ya pili imeendelea kufanya kazi katika nchi ambazo hazikubaliani hata juu ya jina la lugha yao. Kwa watunga sera wa Kiswahili, swali la kuuliza kabla ya kuidhinisha tafsiri halipaswi kuishia katika usanifu wa maneno na ulinganifu wa istilahi. Inafaa kuulizwa pia iwapo matini hiyo ina sauti ambayo msomaji wa nchi ya jirani ataitamani kiasi cha kuivukia mpaka.